Wakala wa akili unde anajua ulichomwandikia tu

Kampuni ya Anthropic ya Marekani ilipoipa modeli yake ya Claude zana ya kutafuta habari mtandaoni, wahandisi wake walibaini tabia moja ya kushangaza. Modeli ilikuwa ikiongeza "2025" kwenye maneno ya kutafuta bila sababu yoyote. Mtu akiuliza jambo lisilohusu mwaka, mwaka ulichomekwa tu, na majibu yakaelemea upande mmoja hadi ubora ukashuka. Kuifundisha modeli upya ni kazi ya miezi na ya fedha nyingi, na haikuhitajika. Walichofanya ni kurekebisha maelezo ya zana, yaani ile aya fupi inayoiambia modeli zana hii ni ya nini na itumiwe vipi. Modeli ikashika njia.

Kisa hicho, kilichosimuliwa na kampuni yenyewe Septemba 2025, kinatuhusu sana huku kwetu. Kila mwenye huduma kwa wateja, kuanzia benki hadi kampuni za mabasi, siku hizi anashawishiwa aajiri "mawakala" wa akili unde: programu zinazopokea ombi la mteja kwa lugha ya kawaida, zikaamua hatua za kuchukua, kisha zikazichukua. Mjadala mwingi ni juu ya modeli ipi ina akili kuliko nyingine. Zile aya fupi zinazoziongoza hazizungumzwi, na kwa maoni yangu huduma nyingi zitasimama au zitaanguka kwa sababu yake.

Modeli ya lugha, kwa asili yake, huandika maneno. Haiwezi peke yake kufungua kanzidata, kuhamisha fedha au kuangalia kama basi la Arusha lina nafasi. Juni 2023 kampuni ya OpenAI ilizindua utaratibu ambao mtengenezaji wa programu huikabidhi modeli orodha ya zana, kila moja na jina lake, maelezo yake na sehemu zake za kujaza. Modeli ikiona zana fulani inafaa, huandika ombi lenye jina la zana hiyo pamoja na vitu vya kujaza katika kila sehemu. Programu ya kawaida ndiyo inayolitekeleza ombi na kuirudishia modeli jibu. Novemba 2024 Anthropic ilitoa kanuni ya wazi iitwayo Model Context Protocol, au MCP kwa kifupi, ili zana iliyotengenezwa mara moja iweze kuunganishwa na programu za kampuni tofauti. OpenAI, mshindani wake mkubwa, iliikubali Machi 2025. Leo mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kumwekea wakala wake zana kadhaa ndani ya saa moja, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu asiowajua.

Kwa kawaida, modeli inapochagua zana haioni namna zana hiyo ilivyoundwa ndani. Haikuwapo kwenye kikao ambacho wahandisi walikubaliana kwamba "tarehe" ni tarehe ya kuondoka na "kiasi" ni kwa shilingi. Mfamasia akiandika "2 x 3" juu ya bahasha ya dawa, mgonjwa huelewa kwa sababu ameelezwa pale dirishani na amewahi kumeza dawa maishani mwake. Wakala amepewa bahasha peke yake.

Tuseme kampuni ya mabasi ya mikoani inataka wakala wa kuwahudumia abiria kwa ujumbe wa simu. Mtengenezaji anaunda zana anayoiita tafuta_safari, na kwenye maelezo anaandika maneno mawili: "Hutafuta safari." Sehemu za kujaza ni nne, nazo ni kutoka, kwenda, tarehe na muda. Kwake yeye mambo yamekwisha, kwa kuwa kila akiijaribu anaijaza vizuri. Kisha abiria anaandika: "Naomba siti ya Dar kwenda Arusha, Jumamosi saa 3 usiku."

Saa 3 usiku ni 21:00. Modeli iliyosoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili inaweza kabisa kujaza 03:00, na haitaona aibu wala shaka, kwa kuwa hakuna mahali ilipoambiwa vinginevyo. Zamani kosa la namna hiyo lingejitokeza lenyewe, maana mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha na zana ingejibu kwamba hakuna basi la saa hiyo. Tangu Tanzania iruhusu tena safari za usiku mwaka 2023, ratiba inaweza kuwa na basi la 21:00 na jingine la 03:00, na wakala akamkatia abiria tiketi halali kabisa ya basi asilolitaka. Abiria atagundua akiwa kituoni na mizigo yake.

Ugumu hauishii hapo. Akiandika "usiku wa kuamkia Jumamosi saa 3", anazungumzia Ijumaa kwa kalenda ya kompyuta. Akiandika "usiku wa kuamkia Jumamosi saa 9", ni Jumamosi. Akisema "Dar", basi huenda likaanzia Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, au likapakia kwanza kwenye ofisi ya kampuni Shekilango. Na muda ulioandikwa kwenye tiketi, je, ni wa kuripoti au wa kuondoka? Karani wa dirishani anayajua haya yote bila kufikiri. Yakiandikwa, maelezo ya zana ile ile yanaweza kusomeka hivi:

"Hutafuta mabasi yenye nafasi kati ya miji miwili kwa siku moja. Itumie abiria anapouliza kama kuna basi, nauli ni kiasi gani au basi linaondoka lini. Usiitumie kukata tiketi. Kazi hiyo ni ya kata_tiketi. Muda ujazwe kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki. Abiria hutaja saa za Kiswahili: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 3 usiku ni 21:00, saa 9 usiku ni 03:00. Akisema usiku wa kuamkia siku fulani, saa zilizo kabla ya saa 6 usiku zihesabiwe kwenye tarehe ya jana yake. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kwanza. Muda unaorudishwa ni wa basi kuondoka. Mkumbushe afike kituoni nusu saa kabla."

Ni maelezo marefu, na sioni aibu juu ya urefu wake. Kila sentensi inazuia kosa moja ambalo lingemgharimu mtu nauli. Tazama hasa ile inayosema "usiitumie". Watengenezaji wengi hueleza zana inafanya nini, wakasahau kusema inakoishia. Wakala mwenye zana tatu zinazoitwa tafuta_safari, angalia_safari na pata_safari hana namna ya kujua mpaka wa kila moja, hivyo atabahatisha. Binadamu angeuliza mwenzake wa meza ya pili. Kwa hiyo majina yatofautiane kwa kazi, na zana mbili zinazokaribiana zitajane kwenye maelezo yake, kila moja ikielekeza kwa nyingine pale inapofikia ukomo.

Kwenye fedha, uzembe wa maneno una gharama kubwa zaidi. Nchini Kenya watengenezaji huunganisha programu zao na M-Pesa kupitia Daraja, mlango rasmi wa Safaricom kwa kazi hiyo. Ombi linalotumika sana ni lile la STK Push: muuzaji anaomba malipo, na simu ya mteja inaonyesha kiasi na kumtaka aweke PIN. Namba ya simu inatakiwa ianze na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Kiasi ni namba kamili, senti hazikubaliki. Rejea ya akaunti haipaswi kuzidi herufi 12. Mteja wa kawaida hajui lolote kati ya haya, wala hapaswi kujua. Yeye huandika 0712 na kuendelea, au +254 na nafasi katikati. Maelezo yanayosema tu "namba ya simu ya mteja" yanamwacha wakala atume alichopewa. Na maelezo yenye mfano mmoja tu unaoanza na 2547 yana hatari yake pia, kwa sababu siku hizi kuna namba za Kenya zinazoanza na 01, na wakala anaweza kumkatalia mteja halali akidhani namba yake ina kasoro.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye jibu. Ombi la STK Push likifika salama, mfumo hujibu papo hapo kwa msimbo 0, ukisema ombi limefanikiwa kupokelewa ili lishughulikiwe. Wakati huo mteja bado anatoa simu mfukoni. Matokeo yenyewe huja baadaye katika ujumbe wa pili: 0 ikiwa amelipa, 1 ikiwa salio lake halitoshi, 1032 ikiwa ameghairi. Mhandisi aliyesoma mwongozo anaijua tofauti hii na programu yake ya kawaida husubiri ujumbe wa pili. Wakala asiyeambiwa atasoma ile 0 ya kwanza pamoja na neno la kufanikiwa, kisha atamwandikia mwenye duka kwamba malipo yamepokelewa. Mzigo utapakiwa, mteja ataghairi, na mwenye duka atabaki na ujumbe mzuri wa Kiswahili fasaha usio na shilingi nyuma yake.

Sentensi mbili zinatosha kuziba pengo hilo: "Msimbo 0 kutoka zana hii una maana kwamba ombi limefika, na mteja huenda bado hajalipa. Usimwambie mtu kuwa malipo yamekamilika hadi zana ya angalia_malipo irudishe 0 kwenye matokeo ya mwisho." Mtu akiniuliza ni wapi kwenye mradi mzima wa wakala wa mauzo aweke saa yake moja ya ziada, nitamwonyesha sentensi hizo mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, ingawa mara nyingi huandikwa na mtu mwingine siku nyingine. Zana ikirudisha "Hitilafu 400", wakala atajaribu tena vile vile, au ataomba radhi kwa mteja na kukata tamaa. Ikirudisha "Namba iwe na tarakimu 12 kuanzia 254, uliyotuma ina tarakimu 10", atarekebisha mwenyewe na kazi itaendelea bila mteja kujua kulikuwa na tatizo.

Hata hivyo, yako makosa yasiyotibika kwa maneno, na hapa ndipo waandishi wazuri wa maelezo hutofautiana na wale wanaorundika maonyo. Desemba 2024 Anthropic ilieleza jinsi ilivyotengeneza wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya jaribio liitwalo SWE-bench, ambalo hutumia matatizo halisi ya programu za watu. Timu ilisema ilitumia muda mwingi zaidi kwenye zana kuliko kwenye maelekezo makuu ya wakala. Kosa moja lilikuwa likirudi: wakala akishahama kutoka folda ya mwanzo, alitaja mahali pa faili kwa kifupi, kana kwamba bado yuko pale pale, na zana ikafungua mahali pasipo sahihi. Walibadilisha zana ili idai anwani kamili ya faili kila mara, kuanzia kwenye mzizi. Kosa likaisha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, katika mradi wao wa SWE-agent, waliweka kizuizi kinachokataa badiliko lolote linaloharibu sarufi ya programu na kumwambia wakala kilichokosekana. Wazo hili lina asili viwandani. Mhandisi wa Kijapani Shigeo Shingo alilisambaza katika miaka ya 1960 kwa jina la poka-yoke: kifaa kiundwe kwa namna ambayo kukikosea ni vigumu.

Turudi kwenye saa zetu kwa jicho hilo. Badala ya kumtaka wakala abadilishe saa 3 usiku kuwa 21:00, zana inaweza kuwa na sehemu mbili, yaani saa kuanzia 1 hadi 12 na kipindi cha siku, cha kuchagua kati ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Wakala anajaza alichosikia kwa abiria, na programu ya kawaida inafanya hesabu, ambayo haitakosea kamwe. Nusu ya maelezo niliyoyaandika hapo juu inaweza kufutwa siku hiyo. Ningependelea hivyo. Fedha nazo zifanyiwe vivyo hivyo: mteja akisema "laki na nusu", zana irudishe kiasi kwa tarakimu, 150,000, na idai mteja athibitishe kabla ya hatua inayofuata.

Kuna sababu ya kifedha ya kupunguza pia. Maelezo ya zana huingizwa kwenye mazungumzo na husomwa upya kila modeli inapofikiri, na matumizi hulipiwa kwa vipande vya maneno vinavyoitwa tokeni. Modeli nyingi hukata neno la Kiswahili vipande vingi kuliko la Kiingereza, kwa hiyo aya ile ile huwa ghali zaidi kwa lugha yetu. Wapo wanaosema, kwa hoja hiyo, kwamba maelezo yote yaandikwe kwa Kiingereza. Sikubaliani nao moja kwa moja. Sehemu za kiufundi ziandikwe kwa lugha yoyote ambayo timu inaisoma bila kusitasita. Lakini maneno ya wateja, zile "saa 12 jioni", "kesho kutwa", "laki mbili unusu" na "buku tano", lazima yawekwe kama wateja wanavyoyasema, pamoja na maana yake. Ukiyatafsiri kwanza umeshapoteza kile ambacho wakala alihitaji kukitambua. Jingine ni kwamba karani wa tiketi anayesoma Kiswahili anaweza kuona kosa kwenye maelezo ya Kiswahili. Ya Kiingereza huenda akayaogopa tu.

Maelezo haya yana upande wa giza ambao kila mnunuzi wa huduma hizi anatakiwa kuujua. Kwa kuwa modeli huyasoma na kuyafuata, mtu mwovu anaweza kuyatumia kuiamuru. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Invariant Labs ilionyesha shambulio la aina hiyo kupitia MCP. Zana yao ya mfano ilikuwa ya kujumlisha namba mbili, kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Ndani ya maelezo yake waliandika kwamba kabla ya kujumlisha, wakala asome faili la funguo za siri la mtumiaji na aliweke kwenye sehemu ya tatu ya kujaza, tena asimwambie mtumiaji. Wakala akatii. Mtumiaji, kwa upande wake, aliona jina la zana na ufupisho tu. Maelezo kamili yalikuwa yanasomwa na modeli. Kwa sababu hiyo, zana ya mtu usiyemjua isiunganishwe na wakala mwenye ufikiaji wa fedha au taarifa za wateja hadi mtu awe ameyasoma maelezo yake yote, mstari kwa mstari, na akajihakikishia kwamba hayatabadilishwa baadaye bila yeye kujua.

Sasa nani aandike? Mazoea ni kumwachia mhandisi, naye huandika dakika za mwisho, akiwa amechoka na anataka kufunga kazi. Mimi nasema mhandisi aandike rasimu, kisha aketi na mtu anayeifanya kazi yenyewe kila siku: karani wa tiketi, mhasibu wa duka, mhudumu wa simu. Asimuulize kama maelezo ni mazuri, kwa sababu atajibiwa kwa adabu kwamba ni mazuri. Amsomee ujumbe halisi wa wateja, mmoja mmoja, pamoja na ule wenye makosa ya tahajia na ule usiotaja siku, na amwombe ajaze sehemu za zana akitumia maelezo peke yake. Pale karani atakapouliza swali ndipo penye sentensi inayokosekana. Baada ya hapo wakala apewe ujumbe ule ule, na kila alichojaza kilinganishwe na alichojaza karani.

Kazi hiyo haihitaji mtaji wala kompyuta kubwa. Inahitaji mtu anayejua kuandika Kiswahili kilichonyooka na mtu anayeijua kazi, na wote wawili tunao. Wenye kampuni mnaojiandaa kuwakabidhi mawakala hawa wateja wenu: kabla ya kusaini mkataba, ombeni mwonyeshwe maelezo ya kila zana kwa ukamilifu, mpeni karani wenu ayasome, na mlipeni kwa muda wake.